Mama yuko Biharamulo, mimi niko Leeds: hofu ya Marburg kwa aliye mbali

Swali: “Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Leeds, Uingereza, mwaka wa nane sasa, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika makao yao. Mama yangu ana miaka 71, anaishi Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, pamoja na kaka yangu ambaye ni mwendesha bodaboda. Januari 2025 nilisoma kwenye kundi la familia kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia, kisha nikasikia serikali ikisema hakuna, kisha Rais akatangaza kwamba upo. Tangu siku zile sijalala vizuri. Mwenzangu mmoja kazini alihamisha kikombe chake kutoka karibu na changu, ingawa sikuwa nimekanyaga nyumbani kwa miaka miwili. Mwezi huohuo baba yangu mdogo alifariki kwa kisukari. Niliogopa, sikwenda kuzika, na mpaka leo mama ananinunia. Sasa nimekata tiketi za Desemba, mimi na watoto, na juzi kaka ameniambia kwamba kijiji cha pili kuna mtu amekufa kwa homa isiyoeleweka. Je, nifute safari? Nimhamishie mama Mwanza? Kuna dawa za kuwatumia wazitunze nyumbani? Na nikirudi, sitawapelekea wazee ninaowahudumia ugonjwa?”

Marahaba, dada yangu, na pole kwa msiba wa baba mdogo. Umeuliza maswali manne na yote nitayajibu, lakini yote manne yamesimama juu ya jambo moja, nalo ni namna ugonjwa huu unavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Nimewahi kuishi ughaibuni miaka sita wakati wa masomo yangu, kwa hiyo najua jinsi habari ya nyumbani inavyoingia chumbani usiku ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa ilipotoka huko. Kwa sababu hiyo nitaanza na ugonjwa wenyewe, kisha ndipo tufike kwenye tiketi na kwa mama.

Virusi vya Marburg hukaa katika miili ya popo wanaokula matunda, wale wanaojazana kwa maelfu ndani ya mapango na machimbo, bila kuwaumiza popo hao. Binadamu hukutana navyo akikaa ndani ya pango au mgodi wenye popo wa aina hiyo. Ndivyo ilivyowapata wachimbaji wa dhahabu wa Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, kati ya mwaka 1998 na 2000, na mgonjwa wa mwaka 1980 nchini Kenya alikuwa ametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon. Jina lenyewe ni la mji wa Ujerumani: mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara mjini Marburg na Frankfurt, na wengine Belgrade, waliugua baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda, wakawa wagonjwa 31, na 7 kati yao wakafa. Nakutajia hilo kwa ajili ya yule mwenzako wa kikombe. Wagonjwa wa kwanza waliowahi kuandikwa katika vitabu vya tiba walikuwa Wazungu waliougua wakiwa Ulaya, na virusi hivi havijawahi kumchagua mtu kwa pasipoti yake.

Baada ya kumpata binadamu wa kwanza, popo hana kazi tena. Kuanzia hapo ugonjwa hupita kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, mate, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, au shuka na vyombo vilivyochafuliwa nayo, virusi vikaingia kupitia macho, mdomo, pua au mchubuko wa ngozi. Hauruki hewani kama surua au UVIKO. Jambo la pili, ambalo watu wengi hawalijui, ni kwamba mtu aliyeambukizwa hawaambukizi wenzake kabla dalili hazijaanza. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 tangu siku ya kuambukizwa: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana na maumivu ya misuli, kisha kama siku ya tatu kuharisha, tumbo kusokota na kutapika, na kwa baadhi ya wagonjwa kutokwa na damu baina ya siku ya tano na ya saba. Kadiri mgonjwa anavyozidiwa ndivyo virusi vinavyoongezeka mwilini mwake, na mwili wa aliyekufa bado umejaa virusi.

Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwamba hatari ya Marburg haijasambaa sawasawa juu ya ramani ya mkoa. Imejikusanya kitandani kwa mgonjwa na mahali maiti inapooshewa. Mlipuko wa kwanza wa Kagera, ule uliotangazwa tarehe 21 Machi 2023 katika wilaya ya Bukoba, ulikuwa na wagonjwa 9, na 6 kati yao wakafa. Wawili kati ya hao 9 walikuwa wahudumu wa afya waliowatibu wagonjwa. Waliobaki walikuwa mgonjwa wa kwanza na jamaa zake wa karibu. Yaani ulikuwa mlipuko wa familia moja na waliowauguza. Katika ule wa Biharamulo wa mwaka 2025 walihesabiwa watu 10: wawili walithibitishwa na maabara, na wanane waliingizwa katika hesabu kwa sababu walikufa na dalili zilezile, katika mnyororo uleule wa maambukizi, bila kupimwa. Wote 10 walikufa, na hilo ni jambo zito ambalo sitalipunguza. Hata hivyo, mkoa wa Kagera ulikuwa na watu karibu milioni 3 kwa sensa ya mwaka 2022, na wewe uliyekuwa Leeds ulilala, au tuseme ulishindwa kulala, kana kwamba kila mmoja wao alikuwa amekaa karibu na mgonjwa.

Kuhusu zile siku ambazo habari zilipingana, una haki ya kuchukizwa. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa waliohisiwa, serikali ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi, na tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Siku sita ni nyingi kwa mtu anayesubiri akiwa mbali, na sitazitetea. Ninachoweza kukuongezea ni maarifa ya kusoma taarifa kama zile. Kipimo cha Marburg hutafuta chembe za urithi za virusi katika damu, na damu iliyochukuliwa mapema mno, siku mbili tatu za mwanzo wa homa, huweza kuonyesha hakuna kitu hata kama mtu ameambukizwa. Ndiyo maana mhisiwa hupimwa tena. Kwa hiyo “sampuli hazikuonyesha virusi” na “hakuna ugonjwa” ni kauli mbili tofauti. Ukisikia ya kwanza, subiri siku chache kabla ya kuamini ya pili, na wakati huohuo usikimbilie kuamini kinyume chake.

Hapo ndipo tunafika kwa huyo mtu wa kijiji cha pili. Julai 2022 huko Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa na uchovu, wengine wakitokwa na damu puani, na nchi nzima ikataharuki kwamba Ebola au Marburg imefika kusini. Walipopimwa ilionekana kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya, na ambao dawa za kawaida za kuua bakteria hutibu. Katika wagonjwa 20 walikufa 3. Homa isiyoeleweka katika vijiji vyetu mara nyingi ni malaria iliyochelewa, homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, au hiyo ya mgunda. Mwombe kaka yako asikuletee tena neno “isiyoeleweka” tupu. Mwambie akuulizie mambo matatu: marehemu alipimwa malaria au hakupimwa, je, yupo mtu mwingine wa nyumba ile, au muuguzi aliyemhudumia, aliyeanza kuugua ndani ya majuma matatu, na mganga mkuu wa wilaya amearifiwa au la. La katikati ndilo lenye uzito kuliko yote. Marburg inapokuwepo, aliyemuuguza mgonjwa ndiye anayefuata. Kifo kimoja peke yake, kisichofuatwa na ugonjwa wa waliokaa karibu, mara nyingi kina sababu nyingine.

Sasa safari. Kwa hali uliyonieleza leo, yaani kifo kimoja na uvumi, mimi nisingefuta tiketi. Kama kabla ya Desemba mlipuko utatangazwa rasmi katika wilaya ya Biharamulo au wilaya za jirani, jibu langu litabadilika kwa sehemu. Shirika la Afya Duniani, katika milipuko yote hii, halijashauri kuzuia safari za kwenda Tanzania, na mtu mzima anayekwenda kumjulia hali mama yake, asiyeuguza wala kuzika, anabeba hatari ndogo sana. Lakini una watoto wawili ambao hawatakuelewa ukiwaambia wasimkumbatie bibi wala wasicheze na watoto wa jirani, na uko katika jamii ambayo ikitokea kilio utatarajiwa kuwa mstari wa mbele, hasa baada ya kukosekana kwenye kile cha baba mdogo. Kwa hiyo, ikitokea hivyo, ningewaacha watoto au ningesogeza safari mpaka mlipuko utangazwe kwisha. Tamko hilo lina kanuni: huhesabiwa siku 42, yaani mara mbili ya zile 21, tangu mgonjwa wa mwisho apone na vipimo vyake kuwa safi, au azikwe kwa usalama. Mgonjwa wa mwisho wa Biharamulo aliyethibitishwa alikufa tarehe 28 Januari 2025, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Unaweza kuzihesabu mwenyewe kwenye kalenda. Uliza mapema kama tiketi zako zinabadilishika, na soma bima yako ya safari, kwa maana bima nyingi hazilipi safari iliyofutwa kwa hofu peke yake.

Nina neno jingine kuhusu safari hiyo, nalo hukuliuliza. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linaloweza kumdhuru mtoto wako kweli. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania. Watoto waliokulia Leeds hawana kinga hata kidogo, na wewe mwenyewe, baada ya miaka minane, kinga yako ya utotoni imepungua sana kuliko unavyodhani. Uingereza iliandikisha wagonjwa wa malaria zaidi ya 2,000 mwaka 2023, na wengi wa wagonjwa wa namna hiyo kila mwaka ni watu kama sisi, waliokwenda kusalimia nyumbani Afrika bila kumeza vidonge vya kinga, kwa sababu mtu haoni kama kwao ni mahali pa kumezea dawa. Nenda kliniki ya wasafiri au kwa daktari wako majuma manne hadi sita kabla ya kuondoka. Dozi ya mtoto hufuata uzito wake, dawa nyingine hazifai kwa wadogo, na nyingine huanza kumezwa siku nyingi kabla ya safari, kwa hiyo usinunue kwa kuiga mwenzako. Beba vyandarua. Mtoto akipata homa wakati wowote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, na hata ndani ya mwaka, asiachwe kwa parasetamoli mpaka kesho. Piga namba 111 ya ushauri wa afya wa huko Uingereza, au 999 ya dharura kama amelegea au anapumua kwa shida, useme mara moja kwamba mmetoka Tanzania, na kama kulikuwa na mlipuko useme hivyo pia kabla ya kuingia kituoni, ili wapokeaji wajiandae. Malaria kali humuua mtoto kwa siku chache, na inatibika ikipimwa siku hiyohiyo.

Ukirudi, wazee wako wako salama kwako ilimradi hukugusa mgonjwa wala maiti. Si maneno ya kukuliwaza. Kati ya Desemba 2007 na Juni 2008 watalii wawili, mmoja wa Uholanzi na mmoja wa Marekani, waliambukizwa katika pango la Uganda wakati wa ziara mbili tofauti, wakarudi makwao, wakaugua huko, na yule wa Uholanzi akafa. Hawakumwambukiza hata mtu mmoja. Rwanda ilipopata mlipuko mkubwa mwaka 2024, wenye wagonjwa 66, hakuna mgonjwa aliyeupeleka nchi nyingine. Mnamo Oktoba mwaka huo msafiri aliyetoka Rwanda alipojisikia vibaya akiwa katika treni pamoja na mwenzake, jukwaa la kituo kikuu cha Hamburg lilifungwa, watu wakapigwa picha wakiwa ndani ya mavazi ya kinga, na vipimo vikatoka safi. Picha zilizunguka dunia nzima. Majibu ya maabara hayakuzunguka hata robo yake.

Hata hivyo kazi yako ni ya kugusa miili dhaifu, na uangalifu ni sehemu ya kazi hiyo. Zungumza na msimamizi wako kabla ya kuondoka, kwa maandishi, umwambie unakwenda wapi na lini unarudi, umuulize utaratibu wao. Kama kutakuwa na mlipuko wakati wa ziara yako, pima joto la mwili asubuhi na jioni kwa siku 21 baada ya kuondoka eneo lile. Kama ulimhudumia mgonjwa mwenye homa au ulishiriki kuosha au kubeba maiti katika eneo la mlipuko, usirudi kazini kabla ya kuongea na mamlaka ya afya kwa simu, na usione aibu kusema. Mtu anayesema mapema hufuatiliwa nyumbani kwake kwa heshima. Na yule mwenzako wa kikombe mweleze mara moja, kwa utulivu, kwamba ugonjwa huu huja kwa kugusa majimaji ya mgonjwa na kwamba hukuwa umesafiri. Akiendelea, hiyo si tena hofu ya maradhi, ni ubaguzi kazini, na msimamizi anatakiwa kulishughulikia.

Kuhusu usingizi wako. Aliye Biharamulo husikia habari ya ugonjwa asubuhi, kisha siku nzima anamwona mama akianika maharage, akifukuza kuku jikoni, akigombana na muuza maziwa, na hofu inapungua kwa kukanushwa na macho yake mwenyewe. Wewe unapokea ile habari peke yake, bila maharage wala kuku, na saa sita za usiku wa Leeds wakati wa baridi ni saa tisa za usiku kwa mama, saa ambayo hakuna mtu wa kukujibu. Simu unayoifungua saa hiyo haina jipya isipokuwa ya jana yaliyosambazwa upya. Nakushauri uchague mtu mmoja wa kukupa habari, nadhani kaka yako anafaa, na wakati mmoja wa kuongea naye, jioni yao, kisha kundi la familia ulizime mlio usiku. Umwombe pia picha na sauti za mambo ya kawaida, hata kama atakuona mtu wa ajabu. Lakini umeniambia kwamba hujalala vizuri tangu Januari, na huko ni kupita kiwango cha ushauri wa kwenye maandishi. Hofu iliyokaa miezi mingi mwilini hutibika, kwa mazungumzo na mtaalamu na wakati mwingine kwa dawa, na mahali pa kuanzia ni kwa daktari wako wa hapo Leeds. Panga miadi juma hili. Kama kuna siku unashindwa kwenda kazini, moyo unakwenda mbio bila sababu, au unajiwa na fikra za kutotaka kuishi, usisubiri miadi. Piga 111 au 999 siku hiyohiyo.

Dawa za kutuma hakuna. Mpaka sasa hakuna dawa wala chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Zile zilizotumika Rwanda zilitolewa chini ya uangalizi wa watafiti, na sehemu kubwa ya mafanikio yao, yaani kufa watu 15 tu kati ya 66 katika ugonjwa ambao huko Uíge, Angola, mwaka 2004 na 2005 uliua 227 kati ya 252, ilitokana na wagonjwa kugunduliwa mapema na kupewa maji kwa mishipa, hewa ya oksijeni na uangalizi wa saa zote hospitalini. Hayo hayatumwi kwa kifurushi. Vidonge vya kuua bakteria vilivyowekwa kabatini vitafanya jambo moja baya: mgonjwa atameza, atangoja siku tatu aone, na siku hizo tatu ndizo atakazouguzwa mikononi mwa mama yako. Kujifukiza kwa nyungu nako, ambako wengi wetu tulikuzoea wakati wa UVIKO, humfanya mgonjwa atoke jasho jingi ndani ya blanketi huku jamaa akimshika na kumpangusa, na jasho ni moja ya majimaji yanayoambukiza. Ukitaka kutuma kitu chenye faida, tuma fedha ya sabuni, ya jiki, ya glavu, na ya nauli ya kwenda hospitali wakati wowote.

La mama nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililobeba mengine yote. Kumhamishia Mwanza sikushauri. Kama hajamgusa mgonjwa, Mwanza haitampunguzia hatari ambayo hana, bali itamwondoa kwenye shamba lake, majirani zake, na kliniki inayomjua. Kama amemgusa mgonjwa, basi anatakiwa akae palepale, ajulikane, apimwe joto kila siku kwa siku 21, kwa sababu akiugua njiani au kwa ndugu wa Mwanza atakuwa amefungua mlipuko wa pili, na yeye mwenyewe atafika mikononi mwa daktari akiwa amechelewa. Watu wanaotoroshwa kwa upendo ndio wanaotupotea katika ufuatiliaji.

Kinachomtia mama yako hatarini ni wema wake. Ni mwanamke wa miaka 71, na katika kijiji chetu mwanamke wa umri huo ndiye anayeitwa jirani akiugua, ndiye anayejua kumgeuza mgonjwa kitandani, na ndiye anayeingia ndani kuosha maiti ya mwanamke mwenzake. Hataacha kwa sababu redio imesema. Lakini wewe, kama wengi walioko nje, ndiye unayelipia sanda, mchele wa matanga na usafiri wa wazikaji, na kwa hiyo sauti yako nyumbani ina uzito ambao pengine hujawahi kuutumia. Jamaa wengi huogopa kumpeleka mgonjwa hospitali kabla ya fedha kufika, au huogopa kukubali mazishi salama ya watu wa afya kwa kuwa mwana aliye mbali atasema wamemzika ndugu yake kama mzigo. Waondolee hofu hiyo sasa, wakati hakuna mgonjwa. Mpigie mama, na kaka awepo, uwaambie kwa maneno yako mwenyewe: mtu wa nyumba hii akipata homa kali wakati kuna mlipuko, apelekwe siku ileile, wasiningoje, deni ni langu; asiuguzwe nyumbani; wapige namba 199 ya Wizara ya Afya, au wamwambie mhudumu wa afya wa jamii, gari lije, asipandishwe bodaboda akiwa anatapika au anatokwa na damu, kwa maana kaka atakuwa amekaa kifuani kwake mwendo mzima. Na Mungu akimchukua, wazike watu wa afya waliovaa mavazi ya kinga, sheikh au padri asome sala kwa mbali, na mimi mtoto wenu nimekubali hivyo tangu leo, hata angekuwa ni mama.

Sentensi hiyo ya mwisho itakuwa ngumu kutamka. Katika simu hiyohiyo unaweza kumwambia mama ukweli wa baba mdogo: kwamba hukuja kwa sababu uliogopa, na kwamba hukuwa na mtu wa kukueleza kwamba maiti ya mgonjwa wa kisukari isingekudhuru. Mwache anune kidogo. Kisha mwombe akuonyeshe kaburi Desemba, na umuulize kama bado anatunza kadi ya kliniki na kama dawa zake za presha zinatosha mpaka utakapofika.